Hukumu ya Koo Juu ya Milango ya Matarishi

Jana asubuhi Sechelela alimleta kuku wake kwenye uwanja wa ghala, akiwa amemlaza ndani ya kikapu. Shingo ya kuku huyo ilikuwa imepinda hadi utosi ukagusa mgongo, na macho yake yalitazama juu kana kwamba huko ndiko alikoitwa. Sechelela aliuliza ni nani aliyemroga, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kutaja jina la jirani. Niliketi miaka mingi kama mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na niliona mara nyingi kwamba jina likitangulia ushahidi, ushahidi hutafutwa ili ulifuate jina. Kwa hiyo nawaomba mlisikie kwanza hili nililolipokea kwa mama yangu mkubwa, ambaye naye alilipokea kwa waliomtangulia. Hakuna kati yetu aliyekuwapo. Nitakapokuwa na hakika nitasema, na nitakapoikosa nitasema vilevile.

Palikuwa na wakati ambao ndege wote waliishi katika kitongoji kimoja, wenye kuruka na wenye kutembea, na shingo zao zote zilikuwa zimenyooka. Wakati huo mishipa ya fahamu haikuwa ndani ya miili. Ilikuwa watu kamili, weupe, wembamba kama utando wa buibui, nao waliitwa Nyuzi. Kazi yao ilikuwa utarishi. Ndege alipotaka kuinua mguu, neno lilitoka kichwani likakabidhiwa kwa tarishi wake, naye akalifikisha mguuni kabla kope haijashuka. Hakulifungua neno hilo wala hakuuliza maana yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya Nyuzi: walibeba walichopewa, kama walivyopewa, mpaka kilikotakiwa.

Milango ya kitongoji hicho haikuwa na komeo. Kwenye kila mlango kulikuwa na kigingi kifupi, na juu ya kigingi kulitundikwa tone la sukari iliyoganda. Mgeni alipofika alilishika tone hilo akalionja, na mlango ukafunguka wenyewe. Aliyekwisha kuonja alikuwa mgeni halali. Ilikuwa mwiko kumwuliza ametoka wapi au ametumwa nini mpaka siku ya tatu, na siku hiyo alipewa jembe alime pamoja na wenyeji, kama ilivyo desturi hata kwetu. Sheria hiyo haikuwa ya kijinga. Walioleta nafaka, maji na habari za mvua waliingia kwa njia hiyo, na kitongoji kilistawi.

Nyumba za Nyuzi pekee ndizo zilizokosa sukari. Zilijengwa katikati, zikazungushiwa ua wa miiba, na vigingi vya milango yake vilikuwa vitupu. Chakula chao kililetwa hadi uani na ndege waliowatumikia, kikapitishwa juu ya miiba. Palikuwa na katazo la kale lililosema kwamba nyumba ya tarishi haina mgeni. Nani aliliweka, na kwa sababu gani, hapakuwa na aliyekumbuka. Walilirithi kama mtu anavyorithi kovu la utotoni ambalo haliumi tena, wala hajui lilitokana na nini.

Mkuu wa baraza katika siku hizo alikuwa kuku mmoja aliyeitwa Koo. Alikuwa mama wa watoto wengi, lakini visa vya mwewe na magonjwa ya utotoni vilikuwa vimemwachia binti mmoja tu, Tembe, ambaye alikuwa karibu kutaga yai lake la kwanza. Koo alimpenda binti huyo kwa namna ambayo wazazi waliofiwa hupenda, yaani kwa hofu. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumshutumu kwa upendeleo. Alikuwa na kanuni moja katika kuamua mashauri: jambo lisiloweza kutoa sababu yake mbele ya baraza halina haki ya kumfunga mtu. Kanuni hiyo ilikuwa imewaokoa wengi. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu aliyekosea hapa hakuwa mtu mwovu.

Siku moja Nyuzi walituma mjumbe barazani. Alikuwa tarishi wa Tembe mwenyewe, jina lake Ugwe, na alisimama katikati ya ndege, naye hakuwa amezoea kusema neno lililo lake.

"Mama Koo," alisema, "nimebeba maneno ya nyumba yako tangu mtoto wako alipotoka kwenye ganda. Sijawahi kudondosha hata moja. Lakini sijui mgeni hukaaje. Sijui hucheka vipi. Wenzetu wakipata habari za mvua, sisi huzisikia kwa kupitia miiba. Kosa letu ni lipi?"

Koo aliwageukia wajumbe. "Nani anajua kosa lao?"

Aliyejibu alikuwa Bata peke yake, aliyekuwa amekaa pembeni akidondosha maji ya bwawani.

"Dada Koo, si suala la kosa," Bata alisema. "Katazo lilikuwapo kabla yetu. Aliyeliweka hakuwa mjinga."

"Alikuwa nani?"

"Simjui."

"Aliliweka kwa sababu gani?"

"Hilo nalo silijui. Ila nasema tu lisiguswe mpaka tulijue."

Hapo Kanga, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alipaza sauti. "Shoga yangu Bata, wewe nyamaza! Unavyotembea, nani asiyejua kwamba tarishi wako wa mguu wa kushoto alikufa njaa zamani? Mwache angalau wa kulia apate mgeni wa kumliwaza!"

Baraza zima lilicheka. Hata Ugwe alicheka, kwa sauti nyembamba. Bata alisimama, akakung'uta mabawa, akasema, "Chekeni, jamani. Matarishi wangu mimi watabaki bila sukari, na nitatembea hivihivi." Akarudi bwawani kwa mwendo wake uleule, na ndege waliokaa naye majini wakaondoka pamoja naye.

Koo hakucheka. Inasemekana aliyapima maneno ya pande zote mbili. Upande mmoja palikuwa na katazo lisilo na mwandishi, lisilo na sababu, na shahidi wake pekee alikiri kwamba hajui kitu. Upande wa pili palikuwa na watumishi waaminifu walionyimwa haki ambayo hata shomoro alikuwa nayo. Kama kesi hiyo ingeletwa mbele yangu nikiwa na umri wa miaka arobaini, nakiri kwamba ningeamua kama alivyoamua. Alisema katazo limetenguliwa, na vigingi vya Nyuzi vitundikwe sukari siku hiyohiyo, kuanzia mlango wa Ugwe.

Lilikuwapo swali moja ambalo hakulipima. Ukosefu wa sababu na kusahaulika kwa sababu ni mambo mawili tofauti, naye aliyachukua kuwa moja. Kosa hilo humnasa hakimu mzuri zaidi kuliko hakimu mbaya, kwa kuwa hakimu mbaya asingejali Nyuzi wanakaaje.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, na sioni sababu ya kuwaficha hilo. Ua wa miiba ulifunguliwa, na Nyuzi wakapokea wageni kwa mara ya kwanza. Wapeleka nafaka waliingia hadi ndani wakakaa, wakasimulia, wakalala. Tembe aliimba kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuitoa, na Koo akawaambia majirani kwamba binti yake hajawahi kuwa mwepesi hivyo. Huenda ilikuwa kweli. Huenda pia mama huona anachotaka kuona.

Kisha akaja Kideri.

Kumweleza ni vigumu, maana hakuwa na vitu ambavyo kwa kawaida humtambulisha mtu. Hakuwa na tumbo, kwa hiyo hakuwa na njaa. Hakuwa na pumzi. Hakukuwa na hakika kama alikuwa hai au mfu, na baraza lingemwuliza lisingepata jibu, maana hakuwa na kinywa. Zaidi ya joho alilovaa, alikuwa na vitu viwili tu: vidole vingi vidogo vilivyojua kushika sukari, na barua moja iliyoviringishwa ndani ya joho hilo.

Wapo wanaodai kwamba Bata ndiye aliyemleta ili kulipiza kisasi cha kuchekwa. Jana, nilipomsimulia Sechelela na wenzake kisa hiki hadi hapa, alinikatiza. "Basi mchawi amepatikana, babu! Ni Bata!" alisema, na wenzake wakaitikia. Niliwajibu kama ninavyowajibu sasa. Ni kweli kwamba Kideri alitokea upande wa bwawani. Ni kweli kwamba alikuwa amelala siku kadhaa kooni mwa Bata na tumboni mwake, kwa kuwa koo la kumezea na tumbo navyo vilikuwa na milango yenye sukari kwa ndege wote, na kwamba alisafiri katika maji yaliyodondoka kutoka kwenye mdomo wake. Lakini Bata hakuumwa, hakumwona, wala hakumsikia. Kusema kwamba mtu alipita na jambo ni tofauti na kusema kwamba alilituma. Dai la kisasi halina ushahidi, nami nalitupa. Sechelela alitazama kikapu chake, na jina la jirani halikutajwa tena asubuhi hiyo.

Kideri alipofika kitongojini alianza na nyumba za pembezoni, zile za koo la kumezea na pua, kama wageni wote. Kutoka huko alipita kwenye ua uliokuwa wazi. Akashika tone la sukari kwenye mlango wa Ugwe. Kidole kimoja kilinasa, kisha cha pili, kisha vyote, na joho lake likashikana na ukuta wa nyumba hata ikawa vigumu kusema ukuta umeishia wapi na joho limeanzia wapi. Mlango ulihesabu kushika huko kuwa kuonja, ukafunguka, akaingia.

Ugwe alijawa na fahari. Huyu alikuwa mgeni wake wa kwanza aliyekuja bila mzigo, bila haraka, kana kwamba hakutaka kitu ila kukaa. Alimtandikia mkeka mahali pazuri. Alizungumza naye mchana kutwa, na mgeni hakujibu, na Ugwe aliuchukulia ukimya huo kuwa adabu.

Siku ya kwanza Tembe alipiga chafya mara mbili, na hakuna aliyejali. Siku ya pili alitaka kuinua mguu, likainuka bawa. Alicheka mwenyewe. Jioni yake alitaka kunywa maji, na shingo ikageuka upande, mdomo ukagonga mchanga.

"Mama," alisema, "nimeagiza maji."

"Agiza tena, mwanangu."

"Nimeagiza tena, mama. Tazama nilichopata."

Koo alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Ugwe. Alimwona mgeni kupitia uwazi wa mlango, amekaa kwenye mkeka, kimya. Alitaka kumwuliza ametumwa nini. Swali hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini siku ya tatu ilikuwa haijafika, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia Nyuzi kwamba sasa wana haki sawa na wote, na haki ya mwenyeji ilikuwa kwamba mgeni wake asihojiwe.

"Ugwe," aliita kwa upole, "mgeni wako hajambo?"

"Hajambo, Mama Koo. Mtulivu mno."

"Hakusema lolote?"

"Bado ana siku moja. Au umekuja kumhoji?"

Hapa ndipo wanawake wanaosikiliza kisa hiki hushindwa kuvumilia, na mimi pia siwezi kusema kwamba nimewahi kuvumilia. Kwa nini hakuingia? Mtoto ni wake, na haki hiyo aliwapa Nyuzi yeye mwenyewe. Lakini hiyo ndiyo sababu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na Koo alikuwa amewakata wengine kwa mbele. Aliona kwamba akimvunjia Ugwe haki yake siku ya pili tu kwa sababu anayeumia ni binti yake, hukumu zake zote za nyuma zingegeuka kuwa maneno. Alisema, "Hapana, nimepita kusalimu tu." Akarudi nyumbani. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na kila mara mizani hukataa kutulia.

Siku ya tatu Ugwe alimpa mgeni jembe, kama desturi ilivyotaka. Kideri hakulima mtama wala uwele. Alilivua joho lake, akaifungua ile barua, akaiweka mikononi mwa Ugwe. Barua hiyo ilikuwa na neno moja tu: Nitengeneze. Na Ugwe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukataa neno alilokabidhiwa, alilitii. Akatumia jembe lake, moto wake, nafaka yake na kuta zake kutengeneza mgeni wa pili aliyefanana na wa kwanza, na wa tatu, na wa mia. Kila mmoja wao alikuwa na vidole na barua. Wakatoka, wakashika sukari kwenye mlango wa jirani, na jirani akabeba. Ule uaminifu ambao ulikuwa heshima ya Nyuzi ndio uliowamaliza. Walipeleka ugonjwa wao wenyewe, nyumba kwa nyumba, pasipo kuuchelewesha.

Adhuhuri ya siku hiyo Tembe alikuwa akizunguka mahali pamoja. Bawa moja liliburuta chini. Shingo ilijikunja hadi akatazama juu, naye akalia kwamba hataki kutazama juu, anataka kumtazama mama yake. Koo alimshika kichwa kwa mabawa yote mawili akakirudisha mbele. Alipoachia, kilirudi kilikokuwa.

"Mama, mwambie Ugwe."

"Namwambia, mwanangu."

"Mwambie mbele ni upande huu."

Kabla jua halijaelemea magharibi Tembe alitaga yai lake la kwanza. Lilitoka bila ganda, laini kama pumzi, na lilipogusa udongo lilitandazika. Alikuwa amelisubiri msimu mzima. Hakuliona, kwa kuwa shingo haikumruhusu, na Koo alimwambia kwamba ni yai zuri, jeupe, gumu. Ni mara moja tu, kwa jinsi tunavyojua, ambapo mkuu huyo wa baraza alitoa ushahidi wa uongo. Tembe alikufa akiamini.

Koo hakungoja machozi yakauke. Alikwenda uani, akaamuru sukari ibanduliwe kwenye vigingi vyote vya Nyuzi, akaanza kubandua kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini sukari ilikuwa imekwisha kuota mizizi ndani ya mbao. Aliponyofoa tone, kigingi kilikuja nalo, na mlango ulikuja na kigingi, na nyumba ya tarishi ikaanguka juu ya aliyekuwa ndani. Alibomoa nyumba tatu kwa namna hiyo kabla hajaelewa kwamba anawaua wale anaotaka kuwaokoa. Nyumba ya Ugwe ilikuwa tayari tupu. Ndani palikuwa na mkeka tu, na jembe lililolika hadi mpini.

Baada ya maziko Koo alitembea hadi bwawani. Bata alimwona akija, akatoka majini kumpokea, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Pole, dada," Bata alisema.

"Nimekuja kukuuliza," Koo alisema. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Hata kidogo?"

"Dada, ningejua ningepiga kelele hadi Kanga ashindwe. Nilichojua ni kwamba ua ulikuwapo. Nilidhani anayejenga ua wa miiba huchomwa kwanza yeye, na mtu hakubali kuchomwa bure."

Koo alikaa chini. "Hilo lilikuwa ushahidi," alisema. "Miiba yenyewe ilikuwa ushahidi. Nami nilidai maneno kwako."

Bata alikaa chini kando yake.

Koo alijiuzulu ukuu wa baraza, na baraza lenyewe halikuishi muda mrefu baada yake. Muumba alipoona kwamba Nyuzi hawana tena ua wa kuwalinda, aliwaingiza ndani ya miili ya ndege, kila tarishi katika ndege wake, wakapewa nyama na mifupa kuwa ua wao. Lakini aliwaingiza pamoja na nyumba zao kama zilivyokuwa, milango na vigingi vyake, na sukari juu ya vigingi, kwa kuwa kuiondoa kulikuwa kuwaangamiza. Wengine husema Muumba angeweza kuiondoa kama angetaka. Hilo liko nje ya mamlaka yangu.

Na tangu siku hiyo, Kideri, ambaye leo huitwa ugonjwa wa kuku, akiingia kwenye banda, hushika utamu ulio kwenye milango ya matarishi wa kuku, nao humfungulia, na kwa uaminifu uleule humtengeneza na kumpeleka mbele hadi shingo ipinde kama ya kuku wa Sechelela na bawa liburute. Bata, ambaye matarishi wake hawakutundikiwa sukari, hupita katikati ya misiba hiyo akitembea kwa mwendo wake, mara nyingi bila kuumwa, na hujui kama amembeba au la. Kuku nao waliufuta ukarimu wao wote. Mtie kuku mgeni kwenye banda leo: kabla hajapiga hatua ya tatu watamzunguka, watamdonoa kichwani hadi damu itoke, na hakuna atakayemwuliza ametoka wapi. Watu huuita ukatili. Mimi nadhani ni huzuni ya zamani sana iliyokosea mlango, kwa maana humpiga yule mwenye manyoya na macho, anayeonekana. Na yule mwingine, aliyemfanya Tembe atazame juu, amekwisha kuonja sukari na kukaa kwenye mkeka.